Hongo Mpya: Umekwisha Lipa Safari, Wadaiwa Mlangoni

Bura ninayoitaja hapa ni ile ya Taita, iliyo chini ya milima katika njia itokayo Voi na Mwatate kwenda Taveta. Si Bura ya Mto Tana, ambayo wengi wetu tukilisikia jina hilo hudhani ndiyo pekee. Nalisema hili mapema kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumza na wasomaji, yaani malipo yanayozuka mlangoni mwa hoteli baada ya mtu kuwa amekwisha kulipa safari yake yote, nimelisikia likielezwa hapo Bura vizuri kuliko mahali pengine. Tena Bura yenyewe ina habari zake za zamani katika mambo ya kudaiwa njiani.

Kabla ya reli na kabla ya lami, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya misafara ya kutoka Mombasa kwenda Taveta na Uchagani. Wazee wetu walipita na nguo, shanga na nyaya za shaba, wakarudi na pembe na, tusifiche, wakati mwingine na watumwa. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliivuka milima ya Bura akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa misafara kutoka huku kwetu, na tarehe 11 Mei akauona Kilimanjaro na theluji yake. Mabwana wa Ulaya waliokuwa wamekaa vitini mwao wakamkatalia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Sifa ya kuuona mlima akapewa Rebmann. Njia aliijua Bwana Kheri.

Katika njia hiyo palikuwa na hongo. Neno hili leo limechafuka, mtu akilisikia huwaza askari na dereva wa matatu. Lakini zamani halikuwa na aibu. Hongo ilikuwa ni haki ya mwenye nchi: umepita kwake, umekunywa maji yake, umelala kwake, basi utampa mikono kadhaa ya nguo. Watu walibishana juu ya kiasi, pengine siku mbili nzima, lakini hapana aliyeshangaa kuulizwa. Kiongozi mzoefu alikwisha kuihesabu hongo ya kila mahali kabla mizigo haijafungwa Mombasa, na nguo zake zikawekwa kando.

Aliyeumia ni yule asiyejua. Rebmann huyo huyo aliporudi Machame mwaka 1849, akiwa na nia ya kuendelea mpaka Unyamwezi, Mangi Mamkinga alimpunguza bidhaa kidogo kidogo, leo zawadi hii na kesho ile, hata nguo zilizokusudiwa safari nzima zikaishia hapo. Unyamwezi hakuuona. Alirudi pwani akiwa hana kitu.

Sasa nije kwa mwalimu wa Bura. Ni Mtaita, Mwislamu, mwenye mke na watoto watatu, na jina lake sitalitaja kwa kuwa ameniomba hivyo. Watoto wake walikuwa hawajapata kuiona bahari, ingawa kutoka Bura mpaka Mombasa ni safari ya saa chache tu. Akaazimia kuwaleta pwani mwisho wa mwaka, shule zikiwa zimefungwa. Akapata hoteli ya ufuoni kwa njia ya wakala: vyumba viwili, usiku nne, kuanzia tarehe 29 Desemba, pamoja na kifungua kinywa na chakula cha usiku. Bei ilikuwa shilingi 96,000. Mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi twaujua. Alilipa kwa simu, shilingi 12,000 kila mwezi, tangu Aprili hadi Novemba, na kila mwezi akiandika katika daftari.

Walifika wakiwa wamechoka na wamefurahi. Karani wa mapokezi akawapa maji ya madafu, akatazama karatasi zao, akasema, “Karibuni sana. Kuna kiasi kidogo kilichobakia.” Kiasi hicho kidogo kilikuwa cha namna mbili. Kwanza, ada ya huduma za hoteli, shilingi 1,000 kwa kila chumba kwa kila usiku, yaani 8,000. Hiyo, aliambiwa, ni ya viti vya ufuoni, bwawa la kuogelea na intaneti. Pili, karamu ya usiku wa tarehe 31 Desemba, shilingi 6,500 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, ambayo ilifika 22,750. Jumla shilingi 30,750, na funguo hazikutolewa mpaka zilipwe.

“Mzee,” aliniambia, “nilimwuliza yule kijana, chakula cha usiku si nimekilipa cha siku zote nne? Akasema ndiyo, lakini cha usiku huo ni cha namna yake. Nikamwambia, basi sisi hatutakuja katika karamu, tupeni wali tu kama siku nyingine, au msitupe kitu. Akasema, hata msipokula mtalipa, ni lazima kwa kila mgeni.”

Alimpigia ndugu yake simu, akatumiwa fedha, akalipa. Usiku wa karamu ulipofika, pale palipokuwa na meza zilizopambwa palikuwa na mvinyo na muziki wa kucheza, naye hakuona vyema kuwapeleka watoto wake hapo. Wakakaa chumbani. Wakala mkate na machungwa waliyonunua barabarani, hali karamu ya shilingi 22,750 iliyolipwa kwa jina lao ikiliwa chini na watu wengine. Mtoto wa katikati alimwuliza babake kama zile ndizo sauti za bahari.

Nilipolirudia neno hili hapa Mombasa barazani, mzee mmoja alinijibu, “Mbona hata sisi tunafanya? Bwana arusi amekwisha toa mahari, amekwisha toa kilemba na mkaja, akifika mlangoni si anadaiwa kifungua mlango?” Watu wakacheka, na ni kweli wamecheka kwa haki. Lakini nimelifikiri sana jibu lake, na naona ndani yake ndimo ilimo hukumu ya jambo lenyewe.

Kifungua mlango anakijua kila mtu. Bwana arusi alikiona kwa kaka zake, somo wake amemwonya, na noti ameziweka mfukoni tangu asubuhi. Na yule bibi mlangoni akikataa kufungua, wote wawili wanajua kwamba ni mchezo na kwamba mlango utafunguliwa. Ndivyo ilivyokuwa hongo kwa Bwana Kheri. Ni deni ambalo mlipaji amelijua kabla hajaondoka kwake. Waliosoma fikihi katika vyuo vyetu watakumbuka kwamba wanazuoni wameipa desturi nafasi kubwa: lililo maarufu baina ya watu huhesabiwa kama sharti lililotamkwa. Lakini liwe maarufu kwa pande zote mbili. Hoteli ikisema “hii ndiyo desturi yetu ya sikukuu”, sharti iulizwe: desturi inayojulikana na nani? Wenye hoteli wanaijua, mawakala wanaijua, na watalii wa Ulaya waliozoea kwenda hoteli kila Krismasi huenda wanaijua. Mwalimu wa Bura anayelala hotelini kwa mara ya kwanza katika umri wake ataijuaje?

Na katika mlango wa ijara mambo ni wazi zaidi. Ukikodi nyumba, mnyama au kazi ya mtu, manfaa yajulikane na ujira ujulikane. Chumba cha hoteli si kitu kingine ila nyumba ya kukodi kwa usiku. Ujira ukitajwa nusu siku ya makubaliano na nusu siku ya kufika, mmoja kati ya wawili hao alikuwa akifunga mkataba gizani.

Nitawatendea haki wenye hoteli, maana nao wana yao. Hoteli hulipa kodi ya thamani ya asilimia 16, na ushuru wa utalii wa asilimia 2, ule ambao mizizi yake ni sheria ya hoteli na mikahawa ya mwaka 1972 na ambao ulisaidia kukijenga chuo cha Utalii cha Nairobi. Mawakala na mitandao ya kuuzia vyumba huchukua kamisheni nono. Zaidi ya hayo, mitandao hiyo hupanga hoteli kwa bei, rahisi juu na ghali chini. Basi mwenye hoteli aliyetaja bei yake yote kwa ukweli hujikuta chini kabisa, na jirani yake aliyekata bei akaificha nusu yake katika jina la ada akawa juu. Pengine pia kamisheni huhesabiwa kwa bei ya chumba tu, na ada ikabaki yote kwa hoteli. Hivyo mkweli anaadhibiwa kwa ukweli wake. Nayaelewa hayo. Lakini hayo ni mapigano ya hoteli na mawakala, na sioni kwa nini gharama zake zilipwe na mwalimu aliyesimama na mabegi.

Wala si kila malipo ya mlangoni ni ya hila. Tukirudi huko huko Taita, mtu akipanga kulala katika nyumba za wageni za upande wa mbugani, ni lazima ajue kwamba bei ya kitanda na kiingilio cha wanyama ni vitu viwili. Tsavo, iliyotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1948, ni ya serikali, na kiingilio chake hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori kwa njia ya mtandao wa eCitizen. Langoni fedha za mkononi hazipokewi, na tiketi huhesabiwa kwa saa 24. Hifadhi ya Taita Hills, eka zipatazo 28,000 kando ya barabara ya Taveta, ni ya binafsi na ina taratibu zake mbali na Tsavo. Mtu aliyelipia moja asidhani ameingia na nyingine. Kiingilio cha namna hiyo si hongo mpya, kwa sababu kimetangazwa. Kosa huwa ni la wakala anayeuza “safari iliyolipwa yote” bila ya kusema kama lango limo au halimo.

Liko jambo jingine linalowapata sana watu wa pwani, nalo ni bei za mwenyeji na za mgeni. Hoteli nyingi za Kenya zina bei ya wakaao nchini na bei ya watokao nje, na mbuga hali kadhalika. Sasa mtu wa Mombasa au Malindi hupanga safari ya jamaa nzima kwa bei ya wenyeji, na katika jamaa hiyo wamo wajomba na mabinamu waliokuja kutoka Maskati au Dubai kusalimia. Wote ni ndugu, wote wanasema Kiswahili cha nyumbani, lakini langoni huulizwa kitambulisho, na mwenye pasi ya Oman ni mgeni tu, hata kama kitovu chake kimezikwa Lamu. Tofauti hudaiwa hapo hapo. Hapa siwezi kumlaumu karani. Lakini ni fedheha kubwa mtu kumwalika mjomba wake kisha akamwona akitoa pochi mlangoni, na fedheha hiyo huepukwa kwa kuuliza siku ya kulipa.

Unguja wao wana kodi ya miundombinu inayohesabiwa kwa kila mgeni kwa kila usiku, na hoteli nyingi huitoza mgeni akifika, mbali na bei aliyolipa. Aidha tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nchi za nje hutakiwa kukata bima ya serikali ya dola 44. Watu walinung'unika, na mimi sisemi kwamba dola 44 ni kidogo. Lakini ilitangazwa, kiasi kikatajwa, na tarehe ikatajwa. Mwenye kwenda anajua, na asiyetaka atakwenda kwingine. Serikali hapo iliitoza hongo kwa njia ya wazee: mwambie mtu kabla hajafunga mizigo.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu, wala hatukuuzua sisi. Marekani, hasa Las Vegas na miji ya ufuoni, hoteli zimetoza ada za namna hii kwa miaka mingi, ukitumia bwawa usilitumie. Mwaka 2021 kampuni kubwa ya Marriott ilikubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo la Pennsylvania kwamba itaonyesha bei yote, pamoja na ada, tangu mwanzo. Kisha Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ikatoa kanuni, iliyoanza kazi tarehe 12 Mei 2025, kwamba mwenye kuuza malazi ya muda mfupi au tiketi za maonyesho hana budi kuitaja jumla yote inayolazimu, na aitaje kwa uwazi kuliko bei nyingine yoyote. Uingereza nayo iliwatangulia kwa mwezi mmoja hivi, Aprili 2025, kwa sheria inayokataza bei ya kudondoshwa tone tone. Wala haikusemwa popote kwamba ada ni haramu. Kilichokatazwa ni kuificha.

Na sisi Kenya tusidhani kwamba hatuna kitu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupewa habari zinazohitajika ili anufaike na anachokinunua. Sheria ya Ushindani, namba 12 ya mwaka huo huo, katika kifungu cha 56, inakataza kumtoza mtu ada, iitwe kwa jina lolote liwalo, ikiwa hakujulishwa kabla ya kutozwa au kabla ya kupewa huduma. Kwa sheria hiyo Mamlaka ya Ushindani ilizibana kampuni za kutuma fedha kwa simu ziwe zinamwonyesha mteja gharama kabla hajatuma. Tena iko Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, ambayo haimlazimishi mtu kulipia huduma asiyoiomba. Mimi si wakili, lakini nikiisoma hiyo naiona karamu ya tarehe 31 Desemba ikitembea ndani yake.

Udhaifu uko katika neno “kabla”. Mwalimu wetu aliporudi Bura alikwenda Voi kwa wakala na daftari lake mkononi. Wakala akamfungulia karatasi ya tatu ya vocha, chini kabisa, kwa Kiingereza na kwa herufi kama za dawa: bei haikuchanganya malipo ya sikukuu. “Ulijulishwa,” wakala akasema. Mwalimu akamwuliza vocha hiyo ililetwa lini. Ilikuwa na tarehe ya Mei; fungu la kwanza la fedha lilikwisha kutoka Aprili. Na ile ada ya huduma haikuwa imeandikwa mahali popote, wala katika karatasi ya tatu wala ya kwanza. Baada ya wiki sita za kwenda na kurudi alirudishiwa shilingi 8,000. Zile 22,750 hazikurudi.

Nimemwuliza kwa nini hakufika mahakamani. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021 na ikaenea miji mingine, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu hahitaji wakili, na hukumu hutakiwa ipatikane katika siku 60. Akanijibu kwamba shule zilikuwa zimefunguliwa na yeye ana darasa. Sikuwa na la kumwongezea. Lakini mwenye nafasi na aende, maana hoteli na mawakala hawatabadilika kwa makala za gazeti.

Asiye na nafasi ya mahakama afanye haya angalau. Swali liulizwe kwa maandishi, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, na liulizwe hivi: “Tukifika tutadaiwa kitu gani zaidi ya hiki, kwa jina gani na kiasi gani?” Lisiulizwe “je, kila kitu kimo?”, kwa kuwa jibu la hilo siku zote ni ndiyo. Ujumbe wa simu unatosha, mradi usifutwe. Tarehe zikigusa Krismasi, mwaka mpya au Idi, ziulizwe kwa jina. Na mtu akishikwa mlangoni, watoto wamechoka na usiku umeingia, hana la kufanya ila kulipa; alipe, lakini adai risiti yenye jina la ada, na juu yake aandike kwa mkono wake kwamba amelipa kwa kupinga. Karani atanuna. Mwache anune, karatasi hiyo ndiyo ushahidi, na pasipo nayo baadaye itasemwa kwamba mgeni aliridhika.

Mwalimu anataka kuwaleta watoto tena, kwa kuwa bahari yenyewe, anasema, haikumkosea kitu. Safari hii ameandikia hoteli tatu mwenyewe, bila ya wakala, akiuliza swali hilo hilo. Moja haikujibu. Ya pili ilimjibu kwamba mambo hayo huzungumzwa mgeni akifika. Ya tatu ilimtajia bei iliyo juu kuliko zote, ikamwandikia chini yake kwamba karamu ya mwisho wa mwaka ni hiari na asiyeitaka atapewa chakula chake cha kawaida. Ameanza kuipelekea hiyo ya tatu shilingi 13,000 kwa mwezi.